Umehamisha mafaili au umehamisha vibao? Tuelewane kuhusu kuhama kompyuta

Kuna mama mmoja ana stesheni mtaani kwetu, kile kiduka cha kuchapa na fotokopi, juzi kati kaja na flashi kaifunga kwenye pindo la kanga kama vile hela ya mchango. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ashaanza kulalamika, "Mwanangu, hii laptopu mpya mliyonishauri ninunue haifungui kitu, na vitu nimehamisha vyote, kimoja kimoja, kwa mkono wangu." Nikachomeka flashi. Kweli vilikuwemo: Barua za Shule, Kadi za Harusi, CV za Wateja, Mitihani ya Darasa la Saba, Risiti, kwa hesabu vitu 43 na kila kimoja na jina lake. Nikaviteua vyote, nikabonyeza kulia, nikaangalia ukubwa. Kilobaiti 70 na ushei. Kazi ya miaka tisa, kilobaiti 70! Picha moja tu ya pasipoti inazidi hapo.

"Mama, hivi vyote vina kamshale kadogo hapa pembeni, unakaona?"

"Si ndo alama yake, baba, kapo siku zote."

Kapo siku zote, na ndo tatizo lenyewe.

Nimeona niandike maana huyu mama hayuko peke yake. Tangu Microsoft watangaze kwamba Windows 10 mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, watu kibao wamebadilisha mashine, wengine kwa kupenda na wengine kwa kutishwa, na swali linalokuja ni lilelile kwa maneno tofauti: vitu vyangu navihamishaje? Niwatoe hofu kwanza. Ile tarehe haikuwa ya kuzima kompyuta za watu. Windows 10 ilitoka Julai 2015 ikatunzwa miaka kumi, na kilichokatika ni masahihisho ya bure ya usalama basi, mashine inawaka na kufanya kazi kama jana, na hata hayo masahihisho kwa watu wa majumbani yamewekewa nyongeza mpaka 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Kwa hiyo hata kama mpya ishafika mezani, hakuna anayekukimbiza. Mafaili ya watu yanapotea kwa sababu ya haraka, we mwenyewe chunguza, ni yule anayetaka kuiuza ya zamani leo leo ili alipie mpya.

Sasa maneno, maana hapa ndo watu wanapishana na mafundi. Faili ni mzigo wenyewe: barua moja, picha moja, wimbo mmoja. Folda ni kapu la kuwekea mafaili, na ndani ya kapu linaweza kukaa kapu lingine. Programu ni kile kinachofungua na kutengeneza mafaili, Word, Excel, kile cha kuhariri picha, vile. Halafu kuna shotikati, ile yenye kamshale, hii siyo faili wala folda wala programu, hii ni kibao. Si unavijua vile vibao vya mbao barabarani, "FUNDI CHEREHANI, MITA 50 KUSHOTO"? Ndo hicho. Mama yetu kang'oa vibao 43 mtaa wa zamani kaenda kuvisimika mtaa mpya, halafu anashangaa kushoto hakuna cherehani. Kile kibao kinasema nenda diski D, ingia folda ya Stesheni, ingia Kadi, na kwenye laptopu mpya hamna hata diski D, kinaenda wapi?

Na wala simlaumu. Fundi aliyempangia kompyuta yake miaka tisa iliyopita alifanya vizuri tu, mafaili akayaweka diski D ili siku Windows ikipigwa upya yasifutike, halafu juu ya Desktop akamwekea vibao ili asihangaike kutafuta. Miaka tisa yote yeye anagusa kibao folda inafunguka, kwa nini adhani ni kibao? Kwenye skrini vyote vinafanana, na hii ndo sababu hata neno lenyewe "hamisha" linatudanganya, linatufanya tudhani kila kinachoonekana kwenye kioo ni mzigo unaobebeka.

Kupima ni rahisi. Bonyeza kulia juu ya kitu, ingia Properties, soma ukubwa. Kama ni folda ya picha za miaka mitatu na inakuambia kilobaiti moja au mbili, hicho ni kibao. Humohumo kwenye Properties ya shotikati kumeandikwa inaelekea wapi, ifuate mpaka huko, ndo ukakopi.

Programu nazo zina hadithi yake. Watu wanaingia kwenye folda ya Program Files, wanakopi folda nzima ya Word au ya programu ya mahesabu, wanaipesti kwenye mashine mpya, wanabonyeza, kimya. Au inafunguka nusu na kutukana. Fikiria mwembe. Maembe unaweza kujaza gunia ukapeleka mkoa wowote, yatalika kulekule, ila mwembe wenyewe hauukati shinani ukausimamisha kwenye uwanja mwingine ukategemea uzae. Programu ikiinstoliwa inashusha mizizi: inaandika mambo yake kwenye daftari kuu la Windows, inagawa vipande huku na huku, inasajili leseni kwa mashine ile. Ukibeba folda yake umebeba shina tu. Kwa hiyo programu unainstoli upya, mafaili unayabeba. Ndo kanuni yenyewe, na mtu akikwambia kahamisha "Word yangu yote na barua zake" muulize kahamisha kipi hasa.

Hapa kuna uchungu kidogo kwa wale ambao Office yao waliwekewa na fundi kwa elfu kumi bila kujua imetoka wapi. Kwenye mashine mpya hiyo haipo, na hakuna flashi itakayoileta. Na wenye stesheni hasa, wanaochora kadi kwa Publisher, wajue Microsoft washasema Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo kadi zako za thamani zihifadhi na kwa PDF pia ungali unaweza kuzifungua. Hii nimechomekea tu lakini itakuja kuwauma watu.

Haya, mafaili yenyewe yako wapi? Kwenye Windows kila mtumiaji ana nyumba yake: diski C, ndani yake folda inaitwa Users, ndani yake jina lako au jina alilokuandikia fundi, nimeshaona mashine ya mwalimu mkuu inaitwa "HP" na nyingine inaitwa "user" tu. Ndani ya hiyo utakuta vyumba: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music, Videos. Hivi sita ndo vya kubeba. Watu wengi wanabeba Documents na Pictures wanajiona wamemaliza, wanasahau Downloads, na Downloads ndo kuna kila kitu alichokutumia mtu kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta au kwa imeli, mkataba wa pango umo humo, fomu ya bima imo humo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichoskaniwa kimo humo kinaitwa "scan0007" na hakuna siku utakitafuta kwa jina hilo.

Halafu angalia nje ya nyumba. Diski D kama ipo. Folda ambazo mtu kazitengeneza tu palepale juu ya diski C, "KAZI 2019", "Mpya", "Mpya ya kweli". Akaunti nyingine, kama mashine mnatumia wawili, mzee na watoto, kila mmoja ana nyumba yake ndani ya Users na ukibeba ya kwako ya mwenzio imebaki. Na kuna watu, msicheke, wanahifadhi vitu kwenye Recycle Bin, wanasema "nimeviweka pembeni kwanza". Hilo ni pipa la taka jamani, haliingii kwenye hesabu ya kuhama, toa kwanza vya kwako.

Nirudi kwa mama. Baada ya kumbebea mafaili ya kweli, gigabaiti 38, kesho yake kanipigia simu. Kadi zinafunguka lakini siyo zenyewe. Nikaenda. Kadi ya harusi aliyokuwa ameichora kwa ile herufi ya kuzungukazunguka kama mwandiko wa maulidi, sasa jina la bibi harusi limekuwa herufi za kawaida kama barua ya serikali ya mtaa, na mstari wa ukumbi umeruka ukurasa wa pili. Mafaili yote yapo, kilichokosekana ni fonti. Kadi haibebi herufi, inabeba jina la herufi tu: "hapa tumia fonti fulani". Mashine mpya ikikosa hiyo fonti inavaa yoyote iliyo karibu. Dawa yake siyo kubwa, mashine ya zamani unaingia diski C, Windows, Fonts, unakopi zile ulizoziongeza mwenyewe, kwenye mpya unaziinstoli kwa kubonyeza kulia. Ila kama usingeijua hiyo ungeapa kwamba flashi imeharibu kadi.

Wanaohariri video nao wasikilize hapohapo, lile faili la mradi unalosevu ni dogo kwa sababu ndani yake hamna video, mna maelekezo ya video zilipo. Vibao tena. Ukibeba mradi ukaacha video ulizozikata, umeenda na mapishi bila unga.

Kuna chumba kingine kimefichwa ndani ya nyumba ya mtumiaji, kinaitwa AppData, humo programu zinaweka kumbukumbu zake. Sikushauri ukibebe chote ukakimwage juu ya kile cha mashine mpya, utaleta vurugu tu. Ila ujue nini kimo humo, maana ndo vitu watu wanavililia baadaye. Vile vikaratasi vya njano vya Sticky Notes vinakaa humo. Imeli za Outlook kwa mtindo wa zamani, zile zinazoshuka kwenye kompyuta na kufutika kwenye seva, zinaweza kuwa humo kwenye faili moja kubwa la aina ya PST, na likibaki imeli zimebaki. Programu za mahesabu ya duka zenyewe nyingi zina sehemu yake ya kutengenezea nakala, tumia hiyo hiyo, usikopi folda kibubu, inachukua dakika na inarudishwa kwa mlango uleule.

Paswedi za kwenye brauza nazo ni hivyohivyo. Kuna mtu atakwambia kopi folda ya Chrome yote upesti, paswedi zitakuja. Haziji. Zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows kwenye mashine ileile, ukizibeba unabeba kasha bila ufunguo. Njia ni kuingia na akaunti yako ya Google kwenye brauza ya zamani, washa ulandanishaji (Sync), halafu ingia na akaunti hiyohiyo kwenye mpya. Au unazitoa kwa faili la CSV, ila hilo faili linasomeka kama gazeti, kila paswedi wazi, ukimaliza kuliingiza lifute kila mahali, na usilipitishe kwenye kompyuta ya stesheni tafadhali, hata ya huyu mama.

Tuje kwenye mawingu, yaani vitu vyako kuhifadhiwa kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni, kama OneDrive ya Microsoft, maana huku ndo uvumi mwingi. Kuna kundi linasema "sihitaji kuhamisha, vitu vyangu vipo OneDrive", na kundi lingine linasema "sijawahi kutumia OneDrive maishani mwangu". Yote mawili yanaweza kuwa siyo. Windows ukiianza kwa akaunti ya Microsoft inapenda sana kuichukua Desktop yako, Documents na Pictures na kuzipeleka OneDrive, wewe ukabonyeza Next Next Next hukuona. Ila bure ni gigabaiti 5 tu. Zikijaa, inaacha kupandisha, inakupigia kelele pale chini kulia na wewe unaifunga kila siku. Kwa hiyo nusu ya vitu viko juu na nusu viko chini, na hujui ipi ni ipi. Google Drive bure ni gigabaiti 15, lakini zinakula pamoja na Gmail na picha.

Alama za kusoma ziko pembeni ya jina la faili. Kijiwingu maana yake faili haiko kwenye mashine, iko kwao, wewe una karatasi tu. Ni kama mzigo uliotumiwa na ndugu yako kutoka Mbeya kwa basi, uko ofisini stendi, wewe mkononi una namba ya risiti. Ukienda na risiti unaupata, ila ukikopi risiti kwenye flashi hujakopi gunia la mchele. Kompyuta mara nyingi itajaribu kuushusha ule mzigo wakati unakopi, na kama huna intaneti au bando limekata inagoma, watu wanabonyeza Skip, wanaendelea. Tiki ya kijani maana yake ipo mashineni. Kama umepanga kubeba kwa flashi, bonyeza kulia folda yote, chagua ibaki daima kwenye kifaa hiki, subiri ishuke, ndo ukopi.

Na hii niandike kwa nguvu: OneDrive siyo stoo ya pembeni, ni kioo. Ukifuta kwenye mashine ya zamani "kwa kuwa ishapanda juu", inafutika na juu, na kwenye mpya inatoweka. Ina pipa lake la taka la muda, wahi kabla halijasafishwa.

Kwa nini basi tusipandishe tu mawinguni vyote? Piga hesabu. Gigabaiti 100, na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kutetereka, ni masaa 44. Karibu siku mbili mashine haizimwi, umeme haukatiki, bando halikati. Kwa mwenye faiba ya nyumbani sawa, kwa mwenye bando la wiki unaongea na hewa.

Kwa hiyo tunarudi kwenye flashi na diski ya nje. Flashi nyingi za bei rahisi zinaandika kama megabaiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 hizohizo ni masaa matatu kasoro. Diski nzuri ya nje kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lile lenye ulimi wa bluu, inaweza kumaliza ndani ya dakika 20 kama ni video kubwakubwa. Nasema kama ni video kubwakubwa kwa sababu mafaili madogo elfu thelathini yanachukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito uleule, ni kama kupakia lori, friji moja la kilo 60 na kilo 60 za vijiko kimoja kimoja siyo kazi moja. Mstari wa kijani ukitambaa polepole usiing'oe, siyo kwamba imeganda.

Sasa flashi feki. Hizi zimejaa na zinauma kuliko virusi. Unaona "2TB" kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku, unanunua, unachomeka, kompyuta inasoma terabaiti 2 kweli. Ndani ina chipu ya gigabaiti chache, ila imeandikiwa idanganye. Ni kama mtunza stoo ambaye stoo yake inaingia magunia kumi, anapokea mia, kuanzia gunia la kumi na moja kila linaloingia analitupa nje kwa mlango wa nyuma, na daftarini anaandika "yamepokelewa mia". Unakopi, hailalamiki, majina yote unayaona, na mafaili ya mwanzo yanafunguka. Siku unafungua yale mengine yamekuwa takataka. Ushafuta mashine ya zamani tayari. Flashi isiyojulikana ijaze kwanza na vitu vya majaribio, kuna programu ya bure inaitwa H2testw inafanya hivyo, inaandika mpaka mwisho halafu inasoma tena kuona kama ndo kile ilichoandika. Ila usichanganye na hili: flashi ya gigabaiti 64 kuonyesha 59 hivi siyo wizi, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, tofauti ni hiyo.

Lingine linalowachanganya watu, flashi ina nafasi gigabaiti 30, video ya send-off ni gigabaiti 6, inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Hapo ni upangaji wa ndani wa flashi, FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Flashi iformati kwa exFAT, na bila shaka kuformati kunafuta kilichomo, toa vyako kwanza. exFAT inasomeka na kuandikika Windows na Mac pia.

Na ule waya wa USB wenye kichwa kile kile pande mbili, eti unachomeka laptopu hii na hii zinaongea, achana nao. Kompyuta zote mbili zimezoea kuamuru, hamna wa kutii, na kila moja inasukuma umeme kwa mwenzake, unaweza kuunguza tundu. Kuna nyaya maalumu za kuhamishia zenye kidude katikati, hizo sawa, ila za kawaida hapana.

Wakati wa kukopi, kopi. Usikati. Cut kutoka diski moja kwenda nyingine inabeba halafu inafuta kule ilikotoka, na umeme ukikatika katikati au mtoto akigonga flashi, unabaki na vipande pande zote. Kopi inakuachia kila kitu palepale. Ukimaliza usiangalie kwa macho, hesabu. Properties ya folda ya zamani, Properties ya folda mpya, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa. Kuna mstari mwingine unaitwa Size on disk, huo achana nao, unaweza kutofautiana kati ya flashi na diski bila kosa lolote, linganisha wa Size. Halafu fungua machache ya katikati na ya mwisho, siyo ya juu tu. Flashi ya mtunza stoo mwongo inakamatwa hapo.

Ukikuta flashi imefika na folda zote zimekuwa vibao ambavyo wewe hukuweka, na nafasi iliyotumika bado ni kubwa, tulia, flashi haijala kitu. Hiyo ni virusi ya siku nyingi, inaficha folda zako za kweli na kuweka shotikati zenye majina yaleyale, wewe unabonyeza, inaingia mashine mpya. Usibonyeze. Washa kuonyesha vilivyofichwa, na kile kisanduku cha kuficha mafaili ya mfumo kitoe tiki, utaziona folda zako zimefifia pale. Safisha mashine ya zamani kwa antivirusi kabla ya kubeba, maana hapa ndo unaweza kuhama na kunguni.

Na kama ya zamani imekufa kabisa? Wengi wanakata tamaa mapema. Kioo kuvunjika, chaji kutoingia, Windows kugoma kuwaka, mara nyingi hivyo havigusi mafaili. Mafaili yako kwenye diski, na diski kwenye laptopu nyingi inafunguliwa kwa skrubu mbili tatu, inaingizwa kwenye kasha la nje lenye waya wa USB, inakuwa kama flashi kubwa. Za zamani ni bapa kama simu, za sasa ni kibanzi kama kibiriti kilichonyooshwa, makasha yake hayaingiliani, mpelekee fundi mashine yenyewe akuangalizie. Baadhi ya laptopu nyembamba diski imechomelewa kwenye bodi, hapo hesabu ni nyingine. Ukifungua nyumba ya mtumiaji kwenye hiyo diski Windows itasema huna ruhusa, bonyeza Continue usubiri, ni kawaida tu.

Kinachoweza kukukwamisha kweli ni kufuli la BitLocker. Mashine za sasa nyingi zinajifunga zenyewe bila kukuuliza, diski ukiitoa inaomba ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Dubai atakayeifungua, ndo kazi yake hiyo. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha ile mashine. Sasa kama aliyeianzisha ni kijana wa dukani kwa imeli yake ili akuwahishe, ufunguo uko kwa kijana wa dukani. Leo jioni, mashine ikiwa bado nzima, ingia akaunti yako uone kama ufunguo upo, uandike kwenye karatasi.

Mwisho ni ya zamani yenyewe. Kuformati haraka hakufuti mafaili, kunafuta majina kwenye daftari la mwenye nyumba, wapangaji bado wamo ndani mpaka wapangaji wapya wawatoe. Anayenunua akiwa na programu ya kufufua anaweza kuwakuta: picha zako, kitambulisho cha NIDA ulichoskani, CV za wateja. Ukiuza, pitia Settings, Reset this PC, ondoa kila kitu, na kwenye chaguzi zake kuna ya kusafisha diski, iwashe, inachukua masaa lakini inaandika juu yao.

Mama nilimwambia asiuze kwanza, akae nayo mwezi. Kaiweka juu ya kabati nyuma ya mashine ya fotokopi, kabandika karatasi "USIGUSE". Wiki ya tatu kaja mteja anataka kadi ileile ya ubarikio ya mwaka jana, kwenye mpya haipo. Tukaiwasha ya zamani, tukatafuta Desktop, Documents, diski D, hamna. Ilikuwa kwenye Recycle Bin. "Niliiweka pembeni kwanza," kaniambia.